Kidole Kinachonasa, na Jinsi ya Kukitibu Pasipo Kisu

Wasomaji wetu wengi, hasa walimu na wazee waombwao shauri vijijini, wamepata kuuona ugonjwa huu, ijapokuwa labda hawakujua jina lake. Mtu aamka asubuhi, na kidole chake kimoja kimekunjamana kiganjani wala hakitaki kunyoka. Hukivuta kwa mkono wa pili, na mara kidole hufyatuka kama mtego wa panya, naye huumia hata kupiga kelele. Jua likipanda kidole hulegea kidogo. Lakini akishika mpini wa jembe au mchi wa kinu, hunasa tena. Waingereza wamekiita kwa jina la kile chuma cha bunduki kivutwacho kwa kidole ili risasi itoke, kwa sababu ya kule kufyatuka kwake. Sisi tutakiita kidole kinachonasa. Aliyeueleza ugonjwa huu kwanza katika maandiko ya utabibu ni Mfaransa, Alphonse Notta, mwaka wa 1850.

Tumeona vema kuandika habari zake kwa sababu ya jambo tulilolishuhudia wenyewe. Mama mmoja wa upande wa Mtinko alinaswa na kidole cha pete cha mkono wa kuume mwanzoni mwa mvua. Jirani zake walimwambia kwamba amerogwa ili asilime. Wengine walinong'ona kuwa ni ukoma unaanza. Akaenda kwa mtu mmoja ajuaye kuchanja, naye akamchanja kwa wembe penye shina la kidole, akatia unga wa dawa katika jeraha. Siku ya tatu kidole kilikuwa kimevimba chote, na usaha umeingia ndani. Alipofikishwa hospitali waliokoa mkono wake, bali kidole kile hakikunji tena mpaka leo. Mtama wa mwaka ule ulivunwa na watoto. Nasi twajua sasa ya kuwa ugonjwa aliokuwa nao mwanzo ni katika magonjwa mepesi, na ya kuwa yamkini angalipona kwa kibanzi cha mti na kitambaa, au kwa sindano moja.

Ili mtu asidanganyike, yafaa kwanza ajue kidole kinavyokunjwa. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto darasani pasipo chombo cho chote. Shika mkono wako wa kushoto chini ya kiko, kwa upande wa ndani, kisha kunja na kunyosha vidole vya mkono ule. Utasikia nyama zikicheza chini ya vidole vyako. Maana nguvu ya kukunja vidole kwa sehemu kubwa haimo katika vidole, bali imo katika nyama za mkono zilizo juu ya kifundo. Nazo huvivuta vidole kwa kano ndefu, kama mtu avutavyo ndoo ya kisimani kwa kamba. Kano hizi hupita kiganjani na kuingia katika vidole, kila ukano ndani ya ala yake, kama kisu. Na ala hiyo imefungwa juu ya mfupa kwa pete imara za nyama ngumu, ili ukano usiinuke kidole kinapokunjwa. Bila pete hizo ukano ungejitenga na mfupa kama ugwe wa upinde.

Sasa, pete ya kwanza iko penye shina la kidole, pale chini ya mstari wa kiganja. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Pete huwa nene na mlango wake hupungua, na ukano nao hufanya kivimbe mfano wa fundo la uzi. Fundo hilo likivutwa kwa nguvu hupita, kwa kuwa nyama za kukunja zina nguvu nyingi. Lakini nyama za kunyosha ni dhaifu kuliko hizo, na kwa hiyo kidole hukunjika kisirudi. Mtu akitia kidole cha mkono wa pili juu ya mahali pale, kisha akakunja polepole, mara nyingi ataligusa fundo lenyewe likienda na kurudi. Hapa msomaji na aangalie jambo ambalo wengi hawalijui: maumivu husikiwa katika kiungo cha kati cha kidole, na mtu husema kiungo kimeteguka, kumbe kiungo ni kizima kabisa, na kosa liko chini kiganjani. Ndiyo sababu wavutao na kukandamiza kiungo hawaponyi kitu.

Ugonjwa huu hupata wanawake zaidi kuliko wanaume, na hasa watu wa umri wa miaka 40 hata 60. Vidole vinaswavyo zaidi ni cha pete na gumba. Madaktari hukadiri kwamba katika watu 100, wapata 2 au 3 hupatwa nao wakati fulani wa maisha yao. Lakini miongoni mwa wenye ugonjwa wa kisukari hesabu hiyo hufika karibu 10. Tena huwapata zaidi wenye baridi yabisi ya viungo, na wale ambao tezi ya shingoni inafanya kazi kwa uvivu. Kwa hiyo mtu ambaye vidole vyake viwili au vitatu vinanasa, asitazame vidole tu. Aende akapimwe sukari katika damu. Wako ambao kisukari chao kiligunduliwa kwa njia hiyo, wakashukuru kidole chao.

Je, ni kazi iletayo ugonjwa? Watu wetu husema hivyo bila kusita, nao wana sababu, kwa maana katika Singida mkono haupumziki. Mpini wa jembe hushikwa tangu mvua za Novemba au Disemba, kisha palizi, kisha kuvuna mtama na uwele kwa kisu, kupiga alizeti kwa fimbo, kung'oa vitunguu na kukata majani yake, na katikati ya hayo yote kuna mchi, shoka na kukamua ng'ombe. Wataalamu wenyewe wangali wakibishana kama kazi huanzisha ugonjwa ama huuzidisha tu. Sisi hatutaingia katika ubishi huo. La hakika ni kwamba kushika kitu kwa nguvu muda mrefu huufanya mlango ule uume zaidi, na kulegeza mkono huupa nafasi ya kupona.

Kabla ya kusema habari za dawa, hatuna budi kutenganisha ugonjwa huu na mengine mawili, maana hapo ndipo penye hatari. La kwanza ni ukoma, ambao watu huuogopa upesi waonapo kidole kimekunjika. Katika ukoma kidole hukunjika kwa sababu mshipa wa fahamu umeharibika. Hakifyatuki, mara nyingi hakiumi, na ngozi yake haisikii mchomo wala moto. Pengine mwilini kuna mabaka yaliyopauka yasiyo na hisia. Kidole kinachonasa huuma, hufyatuka, na husikia kila kitu. Anayeona dalili za ukoma asijifiche; dawa zake hutolewa bure, na akizimeza mapema ulemavu hauji.

La pili ni usaha ndani ya ala ya ukano, na hili ni jambo la kukimbilia hospitali siku ile ile, hata usiku. Alama zake nne hujulikana kwa jina la Allen Kanavel, tabibu wa mji wa Chicago: kidole kizima kimevimba sawasawa toka shina hata ncha, kimekaa kimekunjika kidogo chenyewe, kinauma kikibonyezwa kufuata njia yote ya ukano, na mtu mwingine akijaribu kukinyosha hata kidogo, mwenye kidole hawezi kuvumilia. Mara nyingi jambo hili hufuata mwiba, kuumwa na mnyama, au chanjo ya wembe. Huyu asingoje kibanzi wala mafuta. Usaha huo unaweza kuua ukano kwa siku chache.

Basi tuje kwenye tiba. Ya kwanza ni kuupumzisha mkono, na hapa twasema wazi kwamba shauri hili ni rahisi kwa mwenye kulitoa kuliko kwa mwenye kulipokea. Mtu wa kalamu akimwambia mama wa Ilongero au Sepuka mwezi wa Disemba, "Usishike jembe wiki sita," hajui asemalo. Shamba lisilolimwa mvua za kwanza halina mavuno, nazo mvua zetu ni za msimu mmoja tu. Lakini yapo yawezekanayo. Mpini mwembamba na usugulishwe mpaka uwe laini, kisha uzungushiwe kitambaa au mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, ili uwe mnene. Maana mpini mnene haudai kukazwa sana. Wenye ng'ombe wa kulimia wawatumie katika kazi nzito, na mgonjwa apewe kupanda mbegu. Kutwanga kupelekwe mashineni ikiwa mashine iko karibu. Mkamuaji ambaye hukunja gumba na kuivuta chuchu kwa kiungo chake, na ajifunze kukamua kwa kiganja kizima, tena abadilishe mikono. Wanaume wa nyumba nao waone kwamba mchi hauna mwiko kwao. Tumeandika hili makusudi. Tena mwenye kidole kilichoanza kunasa mwezi wa Juni au Julai, mazao yakiwa yamekwisha kuingia ghalani, huo ndio wakati wake bora wa kukitibu, asikingojee mpaka mawingu yarudi.

Ya pili ni kibanzi, nayo ndiyo tiba tuipendayo zaidi, kwa kuwa haina gharama na kila kijiji chaweza kuifanya. Shabaha yake si kukifunga kidole chote. Ni kuzuia kiungo cha shina kisikunjike, ili lile fundo lisipite na kurudi katika mlango wake. Chukua kipande cha mti mwembamba kilicholainishwa, au kipande cha plastiki kilichokatwa katika dumu kuukuu, upana wake sawa na kidole. Kiwekwe upande wa kiganja, kuanzia katikati ya kiganja hata karibu na kiungo cha kati cha kidole. Kwanza kizungushiwe pamba au kitambaa laini, kisha kifungwe kwa utepe wa kitambaa. Viungo viwili vya mbele vibaki huru, navyo vikunjwe na kunyoshwa polepole mara nyingi kwa siku, vikae vyepesi. Kisikazwe. Ncha ya kidole ikipata baridi, ganzi, au ukucha ukibadilika rangi, kifunguliwe mara moja.

Kibanzi huvaliwa wiki 6 kwa uchache, na wengine huhitaji wiki 10. Afadhali kivaliwe mchana na usiku. Asiyeweza mchana kwa sababu ya kazi, akivae usiku, kwa maana usingizini watu hukunja ngumi bila kujua, na ndiyo sababu kidole hukutwa kimenasa alfajiri. Kosa kubwa tulionalo ni watu kukitupa baada ya wiki mbili, maumivu yanapopungua. Ukano bado haujapungua. Kibanzi huwafaa zaidi wale ambao ugonjwa wao ni wa miezi michache tu na kidole bado kinanyoka. Aliyekaa mwaka mzima na kidole kilichokwama, kibanzi peke yake humfaa kidogo.

Pamoja na kibanzi, kila asubuhi mkono utiwe katika maji ya uvuguvugu dakika chache, kisha vidole vikunjwe taratibu pasipo kufyatuliwa. Kukifyatua mara kwa mara ili kukijaribu, kama wafanyavyo vijana kwa mchezo, ni kulikuza fundo. Na kukanda kwa mafuta? Kukanda polepole hakuna madhara, na mganga wa kienyeji akandaye kwa huruma hatumpingi. Tunayempinga ni mwenye wembe, na yule akivutaye kidole kwa nguvu mpaka kilie.

Dawa za kumeza za kutuliza maumivu, kama ibuprofeni na diklofenaki, hupunguza uchungu, lakini haziupanui mlango wa pete. Zitumiwe siku chache kwa shauri la tabibu. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, na mama mjamzito wasizinunue dukani na kuzimeza kwa kukisia.

Ya tatu ni sindano, nayo ndiyo yenye nguvu kupita zote zisizo za kisu. Dawa yake ni ya jamii ya kotisoni. Kotisoni ilitumiwa kwanza kwa mgonjwa wa baridi yabisi mwaka wa 1948, katika mji wa Rochester, Marekani, na Daktari Philip Hench. Mwaka wa 1950 yeye na wenzake wawili, Edward Kendall na Tadeus Reichstein, wakapewa tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya dawa za jamii hiyo. Dawa hii haiui vijidudu, wala si ya kuongeza nguvu, kama wengine wadhanivyo. Kazi yake ni kutuliza uvimbe. Daktari huchanganya kiasi kidogo na dawa ya ganzi, akachoma penye shina la kidole, karibu na pete ile. Siku moja au mbili mkono waweza kuuma zaidi. Hiyo si ajabu. Nafuu huja baada ya siku kadhaa, pengine baada ya wiki chache. Zaidi ya nusu ya watu hupona kwa sindano ya kwanza. Wengine hurudiwa baada ya miezi, nao huweza kuchomwa tena. Lakini madaktari wengi hawapendi kupita mara mbili au tatu katika kidole kimoja, kwa hofu ya kuudhoofisha ukano.

Mambo mawili na yajulikane kabla ya kukubali. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, mahali palipochomwa pengine hupauka, na mafuta ya chini ya ngozi hupungua pakabonyea kidogo. Mara nyingi hurudi baada ya miezi, lakini aliyeonywa hatashtuka wala kusema kwamba ametiwa ukoma kwa sindano. Jambo la pili ni kubwa zaidi: mwenye kisukari atapandwa na sukari siku kadhaa baada ya sindano, pengine wiki nzima. Hakatazwi, bali amwambie daktari mapema, apime sukari kila siku, na ajue kwamba kwake sindano haina bahati kama kwa wengine. Asiyejua kama ana kisukari apimwe kwanza.

Sindano hii si ya mtu apitaye na mkoba gulioni, wala si ya duka la dawa. Ikiingia ndani ya ukano wenyewe huleta madhara, na ikichomwa mahali penye usaha hueneza maradhi. Mgonjwa aanzie zahanati ya kijiji chake au kituo cha afya. Huko atapimwa na kuandikiwa barua. Kisha aulize katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Singida, ama katika hospitali iliyo karibu naye: Makiungu kwa watu wa Ikungi, Kiomboi kwa watu wa Iramba, Mtakatifu Gaspar kwa watu wa Itigi na Manyoni. Yafaa atume mtu kuuliza kwanza ni siku gani daktari wa mifupa na viungo yupo, asije akalipa nauli mara mbili. Na afikapo, aseme ugonjwa umeanza lini, kidole kipi, kama kinanyoka chenyewe au kwa kuvutwa, na dawa alizokwisha kutumia. Chanjo za wembe nazo asizifiche. Daktari ataziona, na ukweli utamsaidia.

Ikiwa kibanzi na sindano vimeshindwa, au kidole kimekwama kabisa, hapo kisu cha daktari kina haki yake. Ni kazi ndogo: mkono hutiwa ganzi, pete ya kwanza hukatwa, na mtu hurudi nyumbani siku ile ile. Tofauti yake na wembe wa mchanjaji ni kwamba daktari ajua mishipa ya fahamu ipitayo kando ya ukano, na vyombo vyake vimechemshwa. Hatukuandika ili watu wakimbie kisu hicho, bali wasikianzie.

Limebaki jambo la watoto wadogo. Pengine mzazi huona kwamba gumba la mtoto wa mwaka mmoja au miwili limekunjika kwenye kiungo cha mbele, na kivimbe kigumu kiko penye shina lake. Hufikiri kwamba mtoto ameanguka, au yaya amemvuta mkono, na ugomvi huingia nyumbani. Hakuna aliyemvuta. Ni ugonjwa ule ule kwa namna yake, nao kwa watoto wengi huondoka wenyewe miezi au miaka ikipita. Hapewi sindano. Mama amnyoshee gumba polepole wakati wa kumwogesha, mara kadhaa kwa siku, asilazimishe. Na ampeleke kwa daktari ahakikishe kwamba si mfupa uliovunjika. Baada ya hapo kila anapokwenda kliniki kupimwa uzito, amwonyeshe mwuguzi gumba lile pia.